UZI: VVU vinaitambuaje seli ya CD4? Vipokezi, gp120 na hatua za kirusi kuingia kwenye seli ya kinga

Kapsidi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

CD4 inatajwa kila mahali penye mazungumzo ya UKIMWI. Wengi wanajua kwamba mtu mzima mwenye afya huwa na seli za CD4 kati ya 500 na 1500 hivi katika kila maikrolita ya damu, na kwamba zikishuka chini ya 200 mwili unabaki wazi kwa magonjwa nyemelezi. Lakini ukiuliza kwa nini VVU vinaifuata seli hiyo na kuiacha seli ya ngozi au ya msuli, jibu huwa la mkato: kirusi kina ufunguo, seli ina kufuli, mlango unafunguka.

Jibu hilo si la uongo, ila linaacha nje jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ugonjwa huu. Ufunguo wa VVU unabadilika umbo ukishaingia kwenye kufuli. Sehemu yake ya hatari zaidi imekunjwa na kufichwa, haitokezi hadi kirusi kiwe kimeshaishika seli. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana hayahusiani yanaanza kuungana: ugumu wa chanjo, watu wachache ambao kirusi kinawashindwa, na dawa zinazokizuia kabla hakijaingia.

Tuanze na seli. CD4 ni protini iliyosimama juu ya utando wa seli T saidizi. Upande wa nje ina vipande vinne vilivyopangana, wataalamu wanaviita D1 hadi D4, na ina mkia mfupi unaoingia ndani ya seli. Makrofeji, monosaiti na baadhi ya seli za dendriti nazo wanazo CD4, kwa kiasi kidogo zaidi. Kazi yake ya asili haihusiani na kirusi chochote. Seli nyingine ya kinga inapokamata kijidudu, inakikatakata na kuonyesha kipande chake juu ya molekuli inayoitwa MHC daraja la pili. CD4 inaishika molekuli hiyo na kuisaidia seli T kutambua kwamba kuna mgeni. Upande wa ndani, mkia wa CD4 umebeba kimeng'enya kiitwacho Lck ambacho kinaanzisha taarifa ya kuiamsha seli.

Kwa hiyo kipokezi cha VVU ni chombo cha kazi cha kinga yenyewe. Na kwa kuwa seli T saidizi ndiyo inayoratibu seli B zinazotengeneza kingamwili na seli T zinazoua seli zilizoambukizwa, kirusi kinachopitia hapo kinavuruga ulinzi wote kwa mpigo.

Sasa kirusi. Kipenyo chake ni nanomita 100 hadi 120 hivi. Kimefunikwa na utando wa mafuta uliotoka kwenye seli kilikozaliwa, na juu ya utando huo kuna miiba michache kupita kiasi. Kirusi cha mafua kina mamia ya miiba; cha UKIMWI kina wastani wa kama 14 tu. Kila mwiba una vipande sita: gp120 tatu zilizokaa juu, na gp41 tatu zinazozishikilia kwa chini na kuzama kwenye utando. Zote zinatokana na protini ndefu iitwayo gp160, ambayo hukatwa na furini, kimeng'enya cha seli zetu wenyewe. Protini hiyo isipokatwa, mwiba haufanyi kazi. Kisha karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari. Sukari hizo zinabandikwa na seli ya binadamu wakati protini inatengenezwa, hivyo kinga ikizikagua inaona kitu kinachofanana na cha mwilini.

Nashuka na hatua za kujishikiza hapa chini.

Kapsidi

Mwanzoni kuna kugusana kulikolegea. Kirusi kinaelea tu, hakina miguu wala mkia wa kuogelea. Kikikaribia seli kinaweza kunasa kwenye minyororo ya sukari iitwayo heparani salfeti, au kwenye intigrini ya α4β7, protini ya kujishikizia ambayo inapatikana kwa wingi juu ya seli T zinazoelekea kwenye utumbo. Juu ya baadhi ya seli za dendriti kuna DC-SIGN, protini inayoshika sukari za gp120. Hakuna kati ya hivyo kinachomwingiza mgeni ndani. Vinachofanya ni kukisogeza kirusi karibu na CD4 na kukipa muda.

Halafu CD4. Hapa naomba tusogee karibu kabisa. Mwaka 1998 kundi la akina Peter Kwong, Joseph Sodroski na Wayne Hendrickson lilichapisha umbo la gp120 ikiwa imeshikana na CD4, lililopatikana kwa kupitisha mionzi ya X kwenye kristali. Kwenye ukingo wa D1, asidi amino (kijenzi cha protini) ya 43 ya CD4, iitwayo fenilalanini, inachomoza nje. gp120 ina shimo dogo, na hiyo fenilalanini inakaa mdomoni mwa shimo hilo na kuliziba. Pembeni yake kuna arginini namba 59 ya CD4 yenye chaji chanya, inayovutana na asidi ya aspati namba 368 ya gp120 yenye chaji hasi. Ukiibadilisha hiyo namba 368 maabara ukaweka asidi amino yenye chaji chanya, mshiko unapotea. Asidi amino moja katika protini yenye karibu asidi amino 500! Nililiangalia umbo hilo kwa muda mrefu nilipolikuta mara ya kwanza.

Shimo hilo la gp120 limezama ndani, si la juu juu, na hilo litakuja kuwa na maana kubwa tukifika kwenye chanjo.

CD4 ikishashika, mwiba unafunguka. Mikunjo miwili ya gp120 iitwayo V1 na V2, iliyokuwa imefunika kilele, inasogea pembeni. Mkunjo wa tatu, V3, unachomoza kuelekea kwenye seli. Vipande vingine vinajipanga upya na kuunda uso ambao haukuwepo kabla. Uso huo mpya pamoja na V3 ndio vinavyotafuta kipokezi cha pili, CCR5 au CXCR4. Hivi ni vipokezi vya kemokini, yaani ishara zinazoziita seli za kinga ziende mahali penye jeraha au uvimbe, na kila kimoja kinapita kwenye utando mara saba. Mkia wa nje wa CCR5 una asidi amino ziitwazo tairosini zilizobandikwa salfeti. Hizo zinashikana na shina la V3, wakati ncha ya V3 inazama kwenye mfuko ulio katikati ya CCR5.

Mshiko huo wa pili ndio unaoiachia gp41. Ncha yake, ambayo muda wote ilikuwa imefichwa chini ya gp120, inarushwa na kuchoma utando wa seli. Kwa muda mfupi gp41 inakuwa imesimama ikiunganisha tando mbili: mguu wake kwenye kirusi, kichwa kwenye seli. Halafu inajikunja katikati. Sehemu ya chini inarudi na kulala sambamba na sehemu ya juu, na kwa kuwa ziko tatu, zinaunda fungu la heliksi sita, yaani nyuzi zilizojizungusha kama skurubu, lililokaza sana. Kujikunja huko ndiko kunakovuta tando hadi zinagusana na kuungana. Tundu linafunguka, na kapsidi, yaani ganda la ndani la kirusi lenye nakala mbili za RNA (maelekezo yake ya kurithi), inaingia ndani ya seli.

Baada ya hapo RNA inaandikwa upya kuwa DNA na kuchomekwa kwenye DNA ya seli, ndiyo maana vinaitwa retrovirusi, ila hiyo ni mada nyingine ndefu.

MzeeWaMaswali

Mkuu uzi umeshiba. Swali langu: walijuaje kwamba kuna kipokezi cha pili? Kama CD4 inashikwa na kirusi, si wangeridhika hapo?

Kapsidi

Swali zuri sana mzee, maana ilichukua zaidi ya miaka 10.

Kirusi chenyewe kilitenganishwa mwaka 1983 Institut Pasteur mjini Paris, na Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2008. Desemba 1984 makundi mawili, moja la London lenye Angus Dalgleish na Robin Weiss, jingine la Paris lenye David Klatzmann, yalionyesha kwa wakati mmoja kwamba CD4 ndiyo kipokezi. Ushahidi wao ulikuwa rahisi kueleweka: ukizifunika CD4 kwa kingamwili maalumu, kirusi kinashindwa kuambukiza.

Kisha mwaka 1986 kundi lililomhusisha Richard Axel lilichukua jeni ya CD4 ya binadamu likaiingiza kwenye seli ambazo kwa kawaida haziambukizwi. Seli za binadamu za aina ya HeLa zikaanza kuambukizwa. Seli za panya zilizopewa CD4 ileile zikagoma. Kirusi kilijishikiza juu yake vizuri kabisa, lakini kikabaki nje. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba seli ya binadamu ina kitu cha ziada ambacho ya panya haina. Ni kitu gani? Kimya, mwaka baada ya mwaka.

Fununu ya kwanza ilikuja 1995. Fiorenza Cocchi, Paolo Lusso, Robert Gallo na wenzao walionyesha kwamba kemokini tatu, RANTES, MIP-1α na MIP-1β, zinazuia VVU. Ila hakuna aliyejua bado zinazuia kwa njia gani. Mwaka uliofuata kundi la Edward Berger huko Marekani lilichukua seli za panya zenye CD4, likazipa jeni za binadamu kutoka kwenye mkusanyiko mkubwa na kutafuta ni ipi itakayoruhusu seli kuungana. Wakaipata. Wakaiita fusini, na leo tunaijua kama CXCR4. Ilipoonekana kuwa fusini iko kwenye jamii ya vipokezi vya kemokini, wengi waliunganisha mara moja na zile kemokini tatu za mwaka uliotangulia. Kipokezi kinachoshikwa na zote tatu ni CCR5. Ndani ya wiki chache za mwaka 1996 makundi matano yalichapisha matokeo yaleyale: CCR5 ndiyo njia ya pili ya VVU.

Binafsi naona hii ni moja ya kazi za kibaiolojia zilizofanywa kwa uvumilivu mkubwa zaidi katika karne iliyopita. Kipokezi cha kwanza kilipatikana mwaka mmoja tu baada ya kirusi. Cha pili kikahitaji watu wakubali kwamba seli ya panya iliyogoma ilikuwa inawaambia kitu.

maabara_kwanza

Naongezea kidogo kwa upande wa maabara, kwa sababu mleta uzi ametaja CCR5 na CXCR4 bila kueleza tofauti yake kwa mgonjwa.

Virusi vinavyotumia CCR5 tunaviita R5, vinavyotumia CXCR4 tunaviita X4, na vipo vinavyoweza vyote viwili. Maambukizi mapya kwa kiasi kikubwa mno huanzishwa na R5. X4 huwa vinajitokeza baadaye kwa sehemu ya wagonjwa, na vikijitokeza mara nyingi CD4 huporomoka kwa kasi zaidi, kwa sababu CXCR4 ipo kwenye seli T nyingi ambazo hazina CCR5 ya kutosha, hasa zile ambazo hazijawahi kukutana na kijidudu. Mabadiliko ya asidi amino chache tu kwenye V3 yanatosha kukihamisha kirusi kutoka kipokezi kimoja kwenda kingine.

Hii ndiyo sababu ya kupima kabla ya kumpa mtu maraviroki. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2007, nayo inakaa ndani ya CCR5 na kuibadilisha umbo ili V3 isiitambue. Haigusi kirusi kabisa, inagusa kipokezi chetu. Mgonjwa akiwa na X4, dawa haimsaidii, kwa hiyo lazima kwanza tujue virusi vyake vinapita wapi.

Na kuna nyingine zinazozuia hatua zilizoelezwa hapo juu. Enfuviritaidi, ya mwaka 2003, ni kipande cha protini kilichoigwa kutoka gp41. Inaiwahi gp41 ikiwa imesimama kati ya tando mbili, inajipachika pale ambapo sehemu ya chini ilitakiwa irudi ilale, na ule mkunjo unashindikana. Tatizo lake ni sindano mara mbili kila siku, na ngozi inavimba pale inapochomwa. Fostemsaviri ya mwaka 2020 inaishika gp120 na kuizuia isibadilike umbo, hivyo haiipati CD4. Na ibalizumabu, ya mwaka 2018, ni kingamwili inayoishika CD4 yenyewe kwenye D2.

MzeeWaMaswali

Hiyo ya mwisho imenishtua. Dawa inaishika CD4? Si itaharibu kazi ya CD4 mwilini?

maabara_kwanza

Hapana mzee, na hapo ndipo uzuri wake. MHC inashikwa kwa D1, upande uleule ambao gp120 inautaka. Ibalizumabu inakaa D2, upande mwingine, kwa hiyo CD4 inaendelea na kazi yake. gp120 nayo inaweza kushika bado. Kinachozuiwa ni mabadiliko ya umbo yanayotakiwa kufuata. Kirusi kinaishika seli halafu kinakwama hapohapo.

Binti_Sayansi

Shukrani nyingi kwa wote wawili. Mimi nimewahi kusikia kuhusu watu ambao hawaambukizwi kabisa kwa sababu hawana CCR5. Kama wanaishi vizuri bila hiyo CCR5, kwa nini wanasayansi wasiiondoe kwa kila mtu?

Kapsidi

Binti_Sayansi, umegusa pazito. Nijibu kwa kirefu.

Mwaka huohuo wa 1996 walichunguzwa watu ambao walikuwa wamekutana na VVU mara nyingi bila kuambukizwa. Baadhi yao walikutwa na jeni ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32. Kwa kuwa 32 haigawanyiki kwa 3, usomaji wote wa jeni baada ya hapo unahama, protini inayotoka ni fupi na haifiki juu ya seli. Mabadiliko haya yanaitwa Δ32. Mtu aliyeyarithi kwa baba na kwa mama hana CCR5 kwenye seli zake. Aliyerithi kwa mzazi mmoja anaambukizwa, ila ugonjwa kwa kawaida huenda taratibu zaidi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, kama asilimia 1 wana nakala zote mbili; kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia mabadiliko haya ni nadra mno.

Mwaka 2007 Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin na VVU na ambaye pia alipata saratani ya damu, alipandikizwa seli shina na daktari Gero Hütter. Hütter alimtafuta kwa makusudi mtoaji mwenye nakala mbili za Δ32. Brown aliacha dawa za kufubaza virusi, na VVU havikurudi hadi alipofariki mwaka 2020 kwa saratani yake iliyorejea. Baada yake wamefuata wengine, akiwemo Adam Castillejo wa London, aliyetangazwa mwaka 2019.

Sasa, kwa nini si kwa kila mtu? Upandikizaji wa namna hii unaua sehemu ya wanaofanyiwa. Unafanywa kwa sababu ya saratani, si kwa sababu ya VVU, wakati vidonge vinamwezesha mtu mwenye VVU kuishi maisha marefu. Halafu CCR5 si kitu kisicho na kazi. Watu wasio nayo wakiambukizwa kirusi cha West Nile wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya. Na X4 haviihitaji CCR5, kwa hiyo wapo watu wachache wenye Δ32 mbili ambao waliambukizwa hata hivyo. Mtu akikwambia kuna binadamu wasioweza kuambukizwa kabisa, mwambie hapana. Kuiondoa CXCR4 nako hakufikiriki: panya waliozalishwa bila hiyo hufa kabla au mara tu baada ya kuzaliwa.

Mwaka 2018 He Jiankui wa China alitangaza kwamba amehariri CCR5 kwenye viinitete vya binadamu na watoto mapacha wamezaliwa. Desemba 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 3. Mimi naona alikosea sana. Watoto wale hawakuwa na ugonjwa wa kutibiwa, zipo njia salama za kumkinga mtoto ambaye baba yake ana VVU, na waliobeba matokeo yake hawakuulizwa.

Jambo moja la kufikirisha: mwaka 2023 ilitangazwa habari ya mgonjwa wa Geneva aliyepandikizwa seli kutoka kwa mtoaji mwenye CCR5 ya kawaida, na VVU havikuonekana tena baada ya kuacha dawa. Kwa hiyo kukosekana kwa CCR5 hakuelezi kila kitu. Seli mpya zinazoziua zile za zamani zilizobeba kirusi nazo zina sehemu yake.

Nyota_Njema

Wakuu samahani kwa swali dogo. Mbu ananyonya damu ya mtu mwenye VVU kisha ananiuma mimi. Kwa nini siambukizwi?

Kapsidi

Si dogo hata kidogo, na jibu lake limo kwenye vipokezi. Seli za mbu hazina CD4 wala CCR5 ya binadamu. Kirusi kikifika tumboni mwake hakina cha kushika, hakizaliani, kinameng'enywa pamoja na damu. Kimelea cha malaria ni tofauti, chenyewe kina hatua za maisha zinazokamilika ndani ya mbu hadi kinafika kwenye tezi za mate. Na mbu anapouma anatoa mate yake. Hairudishi damu aliyoinyonya mwanzo.

Binti_Sayansi

Umeahidi kurudi kwenye chanjo mkuu. Tunasubiri.

Kapsidi

Nimerudi.

Kingamwili nzuri dhidi ya VVU ingekuwa ile inayokaa mahali ambapo kirusi hakiwezi kupabadilisha bila kujidhuru. Mahali hapo papo. Shimo la kushikia CD4 ni lilelile kwa karibu virusi vyote, na uso wa kushikia CCR5 haubadiliki sana pia. Ila angalia jinsi vilivyopangwa. Shimo la CD4 limezama, limezungukwa na sukari. Uso wa CCR5 haupo kabisa hadi CD4 iwe imeshika, na ukitokea, kirusi na seli wamebanana kiasi kwamba kingamwili, ambayo ni molekuli kubwa, haipati nafasi ya kupenya. gp41 inaonekana kwa dakika chache tu. Vinavyobaki wazi kwa kinga kuvilenga ni mikunjo ya nje kama V1 na V2, ambayo inabadilika kila siku bila kirusi kupata hasara. Na kwa kuwa miiba ni michache na imetawanyika, kingamwili yenye mikono miwili mara nyingi inapata mwiba mmoja wa kushika, mkono wa pili unabaki hewani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 walijaribu njia iliyoonekana haiwezi kushindwa: kumpa mgonjwa CD4 zilizo huru kwenye damu, ili kirusi kishike hizo kiache seli. Kwenye virusi vilivyozoea kukuzwa maabara ilifanya kazi vizuri. Kwenye virusi vilivyotoka moja kwa moja kwa wagonjwa ilishindwa, kwa sababu miiba yao imefunga zaidi na inahitaji CD4 nyingi mno kufunguka.

Pamoja na hayo, wapo watu wenye VVU ambao baada ya miaka kadhaa miili yao inatengeneza kingamwili zinazozuia aina nyingi za kirusi. Mwaka 2010 ilitangazwa moja iitwayo VRC01. Inaliendea shimo la CD4 kwa pembe inayokaribiana na ile ya CD4 yenyewe, na maabara ilizuia takriban asilimia 90 ya aina zilizojaribiwa. Ugumu ni kwamba ili mwili uifikie, seli B lazima zipitie mabadiliko mengi ya jeni, awamu baada ya awamu. Watafiti wengi wa chanjo sasa wanajaribu kuziongoza seli B hatua kwa hatua, kwa sindano tofauti zinazofuatana. Ni kazi ya polepole, na mimi naiamini kuliko njia ya mkato yoyote niliyowahi kuisoma.

maabara_kwanza

Kabla uzi haujalala, tusiwasahau ndugu wengine wa VVU. HTLV-1 ilielezwa mwaka 1980 na maabara ya Gallo, kabla ya VVU, nayo inaambukiza seli T pia na kwa sehemu ndogo ya watu inaleta saratani ya seli hizo. Lakini haitumii CD4 kama kipokezi. Inaanza na heparani salfeti, kisha protini ya juu ya seli iitwayo niuropilini-1, kisha GLUT1, ile protini inayoingiza glukosi kwenye seli. GLUT1 iko karibu kila seli ya mwili, hivyo kipokezi pekee hakielezi kwa nini tunaikuta zaidi kwenye seli T. Na kirusi chake kikielea peke yake kwenye damu ni dhaifu sana. Kinahama seli kwa seli, zikiwa zimegusana.

Upande wa nyani nako kuna kisa ninachokipenda. Kuna mangabe wa Afrika, wale wenye utosi mwekundu, ambao wengi wao wamepungukiwa herufi 24 kwenye jeni ya CCR5. Kirusi chao cha SIV, ndugu wa VVU kwa nyani, hakikuangamia. Kilihamia kwenye kipokezi kingine cha kemokini, CCR2b.

Binti_Sayansi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nimesoma mahali kwamba seli ikishaambukizwa CD4 zake zinapungua juu yake. Kwa nini kirusi kiondoe kipokezi chake chenyewe?

Kapsidi

Ni kweli, na kinatumia protini mbili kwa kazi hiyo. Nef inazivuta CD4 zilizoko juu ya utando na kuzipeleka kuvunjwa. Vpu inazikamata zile mpya zikiwa bado zinatengenezwa ndani, kabla hazijafika juu.

Sababu ya kwanza ni kwamba seli hiyo sasa inatengeneza miiba mipya. Miiba hiyo ikikutana na CD4 kwenye seli ileile itashikana nayo hapohapo, na virusi vipya vitashindwa kuondoka au vitaondoka na miiba iliyokwishatumika. Pia seli inakingwa isiingiwe tena na tena hadi ife mapema.

Sababu nyingine inaturudisha kwenye nilichosema mwanzo kabisa. Mwiba ulioshikwa na CD4 unafunguka. Ukifunguka juu ya seli iliyoambukizwa, unaonyesha zile sehemu zote zilizofichwa, na watu wengi wenye VVU tayari wana kingamwili za sehemu hizo ambazo kwa kawaida hazipati pa kushika. Zikishika, zinaziita seli za kinga zinazoua. Maabara wameonyesha kwamba seli iliyoambukizwa na kirusi kisicho na Nef wala Vpu inabaki na CD4 juu yake, miiba inafunguka, na seli hiyo inauawa kwa urahisi zaidi. Kuna watafiti wanaotengeneza molekuli ndogo zinazoiga CD4, zinazoingia kwenye lile shimo la fenilalanini namba 43 na kuulazimisha mwiba ufunguke pasipo CD4 yenyewe, ili kingamwili ambazo mgonjwa anazo tayari zipate pa kushika.